Wanuri Kahiu

Wanuri Kahiu (amezaliwa Nairobi, 21 Juni 1980) ni mwongozaji, mtayarishaji na mwandishi wa filamu kutoka Kenya. Anajulikana hasa kwa filamu ya Rafiki (2018), inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika orodha rasmi ya Tamasha la Filamu la Cannes, Ufaransa, lakini ilipigwa marufuku nyumbani.

Filamu za awali

Kahiu alisoma katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kisha akasomea uongozaji wa filamu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Filamu yake ndefu ya kwanza, From a Whisper, inahusu mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Baadaye alitoa Pumzi (2009), filamu fupi ya kubuni kuhusu dunia isiyo na maji, ambamo mwanamke anatoka nje ya mji uliofungwa ili kupanda mbegu moja. Ilioneshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010.

Kahiu amekuwa akipinga mazoea ya kuionesha Afrika kwa vita, njaa na maradhi tu. Anataka sanaa yenye furaha na rangi, na mtindo huo anauita Afrobubblegum. Bila kulijua hilo ni vigumu kuelewa ugomvi uliofuata.

Rafiki

Filamu hii imetokana na hadithi fupi "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena (Samantha Mugatsia) na Ziki (Sheila Munyiva) ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana katika uchaguzi. Wahusika huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, kama vijana wa Nairobi wanavyozungumza. Kahiu ameeleza kuwa alichagua jina hilo kwa sababu wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya hulazimika kumtambulisha mwenzao kama "rafiki" tu.

Aprili 2018 bodi ya serikali inayokagua filamu iliipiga marufuku, ikidai inahalalisha mapenzi ya wanawake kwa wanawake. Sheria ya Kenya huadhibu vitendo vya ngono vya jinsia moja. Hata hivyo, kwa maelezo ya Kahiu, bodi ilitaka abadilishe mwisho wa filamu kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Yaani huzuni ingepita, tumaini ndilo lililokwama.

Kahiu alikwenda mahakamani akitetea uhuru wa kujieleza uliomo katika Katiba ya 2010. Septemba 2018 Mahakama Kuu iliondoa marufuku kwa siku 7, muda uliohitajika ili filamu iweze kufikiriwa kwa tuzo za Oscar. Watu wazima walijaza kumbi za Nairobi, ingawa hatimaye Kenya ilipeleka Supa Modo. Mwaka 2019 Mugatsia alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la FESPACO, Burkina Faso.

Aprili 2020 Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi ya Kahiu. Mwaka 2022 aliongoza filamu ya Marekani Look Both Ways, iliyotolewa na Netflix.