Nikupeleke nchi gani?

Februari 2025, fundi mmoja wa simu katika mtaa wa Ndosho, Goma, mashariki mwa Kongo, alikuwa na swali moja kwa kila mteja: "Nikupeleke nchi gani?"

Waasi wa M23, wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, walikuwa wameingia mjini tarehe 27 Januari. Siku chache baadaye serikali ya Kongo, Kinshasa, ikafunga X na TikTok. Aliyetaka kuzifungua alihitaji VPN, programu inayopitisha mawasiliano yake kwenye kompyuta iliyo ng'ambo, mtandao ukadhani yeye yuko huko. Ukiiwasha, inakupa orodha ya nchi uchague.

"Mama muuza mboga anasema Ubelgiji, dada yake yuko kule. Kijana anayebeba mizigo kwa chukudu anataka Marekani. Wengine Kenya, wengine Ufaransa," fundi ananieleza, huku akipuliza vumbi jeusi kwenye tundu la chaja. "Rwanda? Hakuna hata mmoja. Nilimtania papa fulani, 'Nikuweke hapa Kigali, kwa jirani?' Akaninyang'anya simu, akaenda."

Nimelifikiria jambo hili kuliko linavyostahili, pengine. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa, na waliojiweza walivuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta pesa zao. Mguu ulivuka, ila kwenye kioo cha simu, ambako hakuna askari wa mpaka wala karatasi ya kuonyesha, hakuna aliyetaka kuwa Mnyarwanda hata kwa nusu saa.

Na bado, aliyewafungia mitandao si Kigali. Kampuni za simu zina leseni ya Kinshasa. Serikali iliupoteza mji, haikupoteza swichi. "Huyu ana bunduki barabarani, yule ana rezo," anasema fundi, yaani mtandao. "Sisi tunalipa mega."

Yapo mashambulizi ya kidijitali makubwa kuliko kufungiwa huko. Mwishoni mwa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mitambo iliyovuruga GPS Kivu Kaskazini, hata kuhatarisha ndege za misaada, wakalitaja jeshi la Rwanda. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walifichua akaunti 464 za X zilizotumia akili bandia kuisifu serikali ya Rwanda na kufunika habari za Kongo. Kabla ya hapo kulikuwa na Pegasus, programu ya kupeleleza simu: uchunguzi wa 2021 uliitaja Rwanda miongoni mwa waliochagua namba za kupelelezwa, ikiwamo ya Ruhakana Rugunda, aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda. Kigali ilikanusha.

Fundi hana habari na Pegasus. Kinachomnyima raha kiko kwenye simu anazozishika mwenyewe: VPN za bure. Wateja wake hawana uwezo wa kununua nyingine. "Kompyuta iko mbali, umeme inakula, mtu analipa. Sasa kama wewe hulipi, nani anakulipia? Na anataka nini kwako?" Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye makongamano ya hoteli. Anayemiliki VPN anaweza kuona tovuti unazotembelea, na baadhi ya programu hizo huomba zaidi: picha, mahali ulipo, majina yote uliyohifadhi.

Kuna mama mmoja alimletea simu yenye VPN ya namna hiyo. Programu ilitaka kusoma orodha yake ya majina, na humo mlikuwa na mwanawe, mwanajeshi wa serikali, amehifadhiwa kwa jina na cheo. Mjini walikuwa wakitawala M23. Fundi akamwonya. Mama akasema aiwashe tu, kuna video ya mjukuu wake aliyezaliwa Kinshasa, nayo iko TikTok.

"Nikamwambia, mama, basi tumbadilishe huyu kijana jina kwanza. Tukamwandika 'Fundi Bomba'. Halafu nikamuuliza nchi gani."

Akachagua Kanada. Jina lenyewe lilikuwa limeshasomwa au la, fundi hakuwa na namna ya kujua.