Puma: Simba wa Milimani Asiye Simba

Miongoni mwa wanyama wenye majina mengi duniani, puma hana budi kutajwa mwanzo. Wazungumzaji wa Kiingereza humpa majina chungu nzima, na mojawapo ya yanayotumika sana huko magharibi mwa Marekani lina maana ya simba wa milimani. Mfasiri akilileta jina hilo neno kwa neno, msomaji wa Afrika Mashariki atamwona akilini mnyama mwenye manyoya marefu ya shingoni, anayeishi kwa makundi na kunguruma usiku. Puma hana hata sifa moja kati ya hizo. Huishi peke yake, rangi yake ni ya kikahawia iliyopauka, mkia wake ni mrefu na mnene, na koo lake haliwezi kunguruma. Hukoroma tu kama paka aketiye jikoni. Isitoshe, nasaba yake iko karibu na duma kuliko simba. Neno puma lenyewe, lililotoka katika Kiquechua cha Milima ya Andes, lakaa vyema katika Kiswahili na halipotoshi.

Mnyama huyu hupatikana kuanzia Yukon, kaskazini mwa Kanada, hadi kusini kabisa mwa Chile. Chakula chake kikuu huko Amerika ya Kaskazini ni ayala. Humnyemelea, humrukia kwa nyuma na kumng'ata shingoni. Akishashiba huufukia mzoga kwa majani na kuurudia siku zifuatazo. Kwa hiyo mkulima anayekuta mzoga uliofunikwa hivyo hapaswi kusimama hapo akistaajabu. Mwenyewe huenda yu karibu.

Je, ni hatari kwa binadamu? Vifo vilivyothibitishwa katika Marekani na Kanada kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja havifiki 40. Katika jimbo la California, mtu aliuawa mwaka wa 2004, na hapakuwa na kifo kingine hadi Machi 2024. Hata hivyo, uchache wa visa haumfariji aliyekumbana na mnyama ana kwa ana, na hapa ndipo maarifa hufaa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukimbia. Kwa puma, kiumbe kinachokimbia ni windo, nayo silika yake humwamuru akifukuze. Kuchutama vilevile ni hatari, kwani mtu aliyeinama hufanana na mnyama wa miguu minne. Mtu asimame wima, amtazame puma, ainue mikono au apanue koti lake ili aonekane mkubwa, apaze sauti, kisha arudi kinyumenyume polepole huku akimwachia mnyama njia ya kuondokea. Mtoto abebwe mara moja, ikiwezekana bila kuinama. Iwapo puma atashambulia, mtu akinge shingo na apigane kwa jiwe, fimbo au hata mikono mitupu. Kujifanya maiti, shauri litolewalo kwa baadhi ya mashambulizi ya dubu, hakufai hapa hata kidogo.

Kisa cha Oktoba 2020 karibu na mji wa Provo, jimboni Utah, chaonyesha jambo hilo waziwazi. Mwanariadha mmoja aliwakuta watoto wa puma njiani, na mama yao akajitokeza. Kwa takriban dakika sita mama huyo alimfuata, mara kwa mara akimrukia kwa vitisho, naye kijana akirudi kinyumenyume na kupiga kelele. Hatimaye aliokota jiwe akalirusha, puma akatoweka. Ikumbukwe kwamba mama yule hakuwa akiwinda, alikuwa akimwondoa mgeni mbali na wanawe.

Kwa wenyeji wa mashambani, hata hivyo, hasara ya mara kwa mara ni ya mbuzi na kondoo. Zamani serikali zilijibu kwa bunduki: California ililipa zawadi kwa kila puma aliyeuawa kuanzia 1907 hadi 1963, ndipo mwaka wa 1990 wapigakura wakapiga marufuku uwindaji wa puma kwa burudani. Suluhisho la busara zaidi ni zizi imara lenye paa, maana ua mrefu pekee si kitu kwa mrukaji kama huyu, pamoja na mbwa wa kulinda na kufyekwa kwa vichaka vilivyo karibu na boma.

Wasomaji wa Kenya watamkumbuka Richard Turere, kijana Mmaasai aliyebuni taa za kumetameta ili kuwafukuza simba waliotoka Mbuga ya Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 ulijaribu taa za namna hiyo kwa wafugaji wa lama na alpaka katika nyanda za juu za Chile, na ikabainika kuwa zilimzuia puma. Mbweha wa Andes hawakuzijali.