Petroli si Sabuni: Kusafisha Bodi ya Gari Kabla ya Kupiga Rangi



Tawi letu lilipokea malalamiko ya wapiga rangi wanne wa kiwanda kimoja cha kuunda bodi za matatu jijini Nairobi. Walikuwa wamekatwa mshahara. Gari lenyewe lilikuwa la kazi maalum: mwenyewe alitaka picha za wachezaji wa mpira ubavuni, maandishi ya rangi tatu nyuma, na vanishi ya kung'aa juu ya yote. Mchoraji alikaa na gari hilo siku sita. Siku ya saba vanishi ilipopulizwa, ikaanza kukimbia na kujikusanya, ikiacha vishimo vya duara kama makovu ya ndui. Picha zote zikabidi zikwanguliwe, kazi ikaanza upya. Mkubwa wa kiwanda akasema huo ni uzembe, akagawa gharama kwa watu wanne.

Tulikwenda kujionea. Wenzetu walituambia kwamba kabla ya vanishi walilipangusa gari lote kwa petroli, kama wanavyofanya siku zote, maana stoo haitoi kitu kingine. Tukaonyeshwa dumu la petroli na gunia la matambara. Hatua kumi kutoka hapo, chini ya paa lile lile, vijana walikuwa wanang'arisha matairi kwa polishi ya kupuliza.

Mpiga rangi aliye mzee kuliko wote pale alikwisha kutambua mambo, ila hakuna aliyemsikiliza. Polishi nyingi za matairi na za dashibodi zina silikoni. Mvuke wake huelea na kutua juu ya kila kitu kilicho karibu, na kiasi kidogo sana, kisichoonekana kwa macho, chatosha kuifukuza rangi mbichi. Petroli ikipitishwa juu yake kwa tambara chafu haiiondoi silikoni. Huiyeyusha kidogo na kuitandaza kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Hivyo ndivyo wenzetu walivyochafua gari zima huku wakidhani wanalisafisha.

Tukamwomba msimamizi vipande viwili vya bati kutoka mlango mmoja wa zamani uliokuwa umeegemezwa hapo hapo. Kipande cha kwanza kilipanguswa kwa petroli na tambara la guniani. Cha pili kilioshwa kwa maji na sabuni, kikakaushwa, kisha kikasafishwa kwa dawa ya kuondolea grisi na nta, ile inayouzwa katika maduka ya rangi za magari, kwa vitambaa viwili vipya vyeupe. Vanishi ilikuwa moja, bunduki ya rangi moja, mkono mmoja. Cha kwanza kilitoka na makovu. Cha pili kilitoka kama kioo. Msimamizi aliviangalia vyote viwili, akaenda kumwita mkubwa.

Sasa tueleze jambo lenyewe, kwa kuwa linawahusu pia wenzetu wa mashamba ya chai, kahawa, mkonge na miwa, ambako karakana za shamba hupiga rangi matrekta na matela kila mwaka.

Uchafu juu ya bodi ni wa namna mbili. Kuna ule unaoyeyuka kwa maji: matope, jasho la mikono, chumvi, mbolea. Na kuna ule wa mafuta: grisi, dizeli, lami, nta na silikoni. Dawa ya mafuta haiondoi chumvi, wala maji matupu hayaondoi grisi. Kwa hiyo kuosha ni mara mbili, na maji hutangulia. Trekta lililobeba mbolea likipanguswa kwa mafuta tu, chumvi hubaki chini ya rangi, huvuta unyevu, na baada ya masika utaona malengelenge. Mara nyingi hulaumiwa rangi, au mpiga rangi, na mbolea haitajwi.

Sabuni iwe ya kawaida isiyo na nta. Sabuni za kuoshea magari zinazoahidi kung'arisha huacha utando, nasi tunazikataa kwa kazi hii. Suuza kwa maji mengi, kausha. Kisha dawa ya grisi, nayo ipitishwe kabla ya kupiga msasa. Wengi hukosea hapa. Ukianza na msasa unaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo, ambako kitambaa hakiifikii tena. Baada ya msasa utapitisha dawa mara ya pili.

Namna ya kupitisha ni hii: kitambaa kimoja kilicholowa dawa mkono wa kulia, kingine kikavu mkono wa kushoto. Lowesha sehemu ndogo, kama nusu ya mlango, na uifute kwa kile kikavu wakati dawa ingali mbichi. Ukiiacha ikauke yenyewe, dawa itaruka hewani na grisi itabaki pale pale ilipokuwa. Geuza kitambaa mara kwa mara, na kikichafuka kitupe. Msimamizi atakayekuambia vitambaa ni ghali mkumbushe bei ya lita moja ya vanishi.

Kujua kama bati tupu limesafika, limwagie maji safi. Yakitanda kama shuka moja, grisi imeondoka. Yakijikunja matone matone, rudia. Kisha kausha upesi, kwa maana chuma kitupu hushika kutu saa hiyo hiyo.

Mabati mapya yaliyopakwa zinki yana taabu yake. Hutoka kiwandani yakiwa na mafuta, na rangi ya kawaida ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hubanduka baada ya muda kama ganda la ndizi, hata bati likiwa limesafishwa vizuri. Hapo yatakiwa prima ya zinki. Bampa za plastiki nazo hazipendi thina kali. Sabuni na maji, kisha spiriti kidogo, vyatosha.

Turudi kwenye petroli. Tunajua kwa nini inatumiwa: iko karibu, na hakuna haja ya kuandika ombi la stoo. Lakini petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi kali kuliko yoyote tunayoijua huku kwetu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka ufike kwa mtu anayechomelea vyuma, au kwenye jiko la chai, na moto hurudi kwa njia ile ile hadi kwenye dumu. Tena petroli ina benzeni, ambayo huharibu damu na huleta saratani ya damu. Mkataba namba 136 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1971, unataka vitu vyenye benzeni zaidi ya asilimia 1 visitumiwe kuyeyushia wala kuzimulia, isipokuwa katika mitambo iliyofungwa au kwa njia nyingine iliyo salama sawasawa. Kuchovya mkono mtupu katika debe la petroli si njia ya namna hiyo.

Mafuta ya taa hayana hatari ya moto kama petroli, ila huacha utando wa mafuta juu ya bati; yafaa kulainisha lami na grisi nzito chini ya gari, kisha lazima sabuni ifuate. Thina ya selulosi hukauka upesi mno na huyeyusha prima mbichi na puti. Ioshee bunduki ya rangi, usiifutie gari.

Na dawa yoyote inayouzwa kwa kopo isomwe kwanza. Huko California, Marekani, mwaka 1999 na 2000, mafundi wa magari walionekana kuwa na ganzi ya mikono na miguu kwa sababu ya dawa za kupuliza za kusafishia zilizokuwa na heksani, ambayo huua mishipa ya fahamu polepole. Walikuwa wakizitumia kila siku, bila kujua.

Vitambaa viwe vya pamba, vyeupe, visivyotoa nyuzi. Nguo kuukuu zinazonunuliwa kwa kilo huja na vifungo vinavyokwaruza, rangi inayochuja, na manukato ya dawa za kulainishia nguo. Baada ya kazi viwekwe katika pipa la bati lenye kifuniko, nje ya jengo. Tangi la kompresa litolewe maji kila asubuhi, na bomba liwe na chujio, kwani kompresa iliyochakaa hutema mafuta juu ya bodi uliyotoka kuisafisha. Mpiga rangi mwenyewe asiguse bodi kwa vidole baada ya kusafisha. Mafuta ya kujipaka na ya nywele nayo mengi yana silikoni.

Glavu ziwe za nitrili. Zile nyembamba za hospitali za mpira huvimba na kupasuka zikikutana na dawa ya grisi. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi kidogo tu, mvuke hupita. Kwa mvuke yatakiwa barakoa yenye mikebe ya mkaa, nayo mikebe huchoka. Ukianza kusikia harufu ndani yake, badilisha. Kwa vanishi na rangi za kuchanganya na dawa ya kukazia hali ni mbaya zaidi. Dawa hiyo ina isosianeti, huleta pumu, na pua haikuonyi mapema. Hapo hutakiwa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba, pamoja na chumba chenye feni ya kutoa hewa nje. Mtu aliyekwisha kupata pumu hiyo mara moja hawezi tena kuikaribia rangi ya namna hiyo, hata kidogo. Tunao wenzetu walioacha ufundi kwa ajili hiyo.

Kwa karakana za mashamba tunaongeza jambo moja. Rangi kuukuu za njano na nyekundu kwenye matrekta na mitambo mara nyingi zina risasi. Zikipigwa msasa mkavu, vumbi huingia mapafuni na huenda nyumbani ndani ya nguo, kwa watoto. Pigeni msasa wa maji.

Kuhusu makato, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kulipangusa gari kwa kitu ulichopewa na stoo hakuwezi kuitwa makusudi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga yanayofaa, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Wajumbe wa chama waombe karatasi ya maelezo ya kila dawa iliyomo stoo, na waiandike ombi lao kwa barua, si kwa mdomo.

Wenzetu wanne walirudishiwa fedha zao mwezi uliofuata. Vijana wa matairi wamehamishiwa upande wa pili wa ua, na stoo sasa inatoa dawa ya grisi na vitambaa vyeupe kwa kutia sahihi. Barakoa za mikebe zimenunuliwa mbili tu kwa watu wanne, na ya hewa ya bomba haijanunuliwa. Jambo hilo limeandikwa katika ajenda ya kamati ya usalama ya kiwanda hicho, na katibu wa tawi atahudhuria kikao.