Uvimbe wa Ovari Umeshatolewa: Kwa Nini Tena Dripu za Saratani, na Sheria Inasemaje?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Miongoni mwa masuala yanayotufikia kutoka kwa familia za Kibiti na visiwa vya delta ya Rufiji ni hili: binti au mke amefanyiwa upasuaji akatolewa uvimbe kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai ya mwanamke. Kidonda kimefunga, tumbo limeshuka, anakula na kulala vizuri. Kisha daktari anasema aanze tibakemia, zile dripu za saratani. Familia inauliza: ugonjwa si umeshatoka? Na kuendelea na dawa si kupungukiwa na tawakkul? Tunaeleza kwanza jambo lenyewe kama wanavyolieleza madaktari, kisha hukmu zake.

Uvimbe huu ni wa namna gani

Saratani ya ovari inayojulikana zaidi huwapata wanawake wa umri mkubwa. Lakini zipo aina chache, adimu, zenye tabia tofauti. Moja hutokana na seli zinazozaa mayai, nayo huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Nyingine hutokana na seli zinazoyazunguka mayai na kutengeneza homoni. Hii mara nyingi hukua polepole, na huweza kurudi baada ya miaka mingi.

Aina ile ya vijana hukua kwa haraka. Tumbo huweza kujaa ndani ya wiki chache, na ndipo maneno huanza mtaani: ana mimba, amerogwa, ana jini. Tunawanasihi wazazi wamche Allah katika heshima ya binti zao. Tumbo la binti likivimba, apelekwe hospitali kabla ya kutuhumiwa. Na wajue pia kwamba baadhi ya uvimbe huu hutoa homoni ile ile ya mimba, hata kipimo cha mkojo kikaonesha mimba isiyokuwepo. Kipimo cha picha ya tumbo ndicho kitakachobainisha.

Kwa nini dawa baada ya upasuaji

Mkulima wa mpunga anaijua ndago. Unaing'oa, shamba linaonekana safi, lakini vijikonyo vimebaki chini ya udongo. Daktari mpasuaji hutoa kile anachokiona na kukishika. Seli zilizotawanyika tumboni au kwenye damu hazionekani kwa macho, na tibakemia huzifuata huko ziliko.

Kwa uvimbe wa seli za mayai, dawa zinazotumika sana ni tatu kwa pamoja: bleomisini, etoposidi na sisplatini. Hutolewa kwa mizunguko, kila mmoja siku 21, na kwa kawaida mizunguko ni mitatu au minne. Sisplatini iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 1978. Kabla ya dawa za namna hii, wasichana wengi wenye aina kali walikuwa wakifariki hata baada ya kupasuliwa. Leo wengi wao hupona kwa idhini ya Allah, hata baadhi ya wale ambao ugonjwa umeshasambaa.

Hata hivyo si kila mgonjwa huhitaji dripu. Zipo aina ambazo, zikikutwa mapema ndani ya ovari moja tu, upasuaji hutosha na mgonjwa hubaki akifuatiliwa kwa vipimo vya damu na picha. Kwa hiyo asiyeandikiwa dawa asidhani ametupwa, na aliyeandikiwa asiseme "fulani mbona hakupewa."

Nyama iliyotolewa: izikwe au ipelekwe maabara?

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kiungo kilichotengana na mtu aliye hai ni sunna kukifunika na kukizika. Baadhi ya watu huomba wapewe uvimbe siku ile ile wakauzike nyumbani, na uchunguzi ukapotea. Tunasema: nyama ipelekwe kwanza maabara ya patholojia, kwani bila jibu lake hakuna anayejua ni aina gani, imefika wapi, wala kama dripu zinahitajika. Kuzika hakufutwi na kuchunguza. Na jibu likitoka, mmoja wa familia apewe jukumu la kulifuata mpaka limfikie daktari wa saratani.

Hukmu ya kutibiwa

Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) alipoulizwa na mabedui, aliamrisha watu wajitibu, na akabainisha kwamba kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik. Asili ya tiba kwa wanachuoni wetu ni sunna. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, ilifafanua kwamba hukmu hubadilika kwa hali: tiba huwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea kifo, kupotea kwa kiungo au ulemavu.

Kwa hivyo, madaktari waaminifu wakisema ugonjwa huu unatibika kwa dawa na kuuacha ni hatari, haifai kukataa wala kukatisha njiani. Kisomo na dua viendelee sambamba na dripu, wala visichukue nafasi yake. Mvuvi wa Salale hufunga dau lake kwanza, kisha akalala akimtegemea Allah. Hiyo ndiyo tawakkul.

Kama daktari mwanamke hayupo, inajuzu kutibiwa na mwanamme, aone kiasi cha haja tu, na awepo mahram, mume au mwanamke mwaminifu.

Swala na saumu

Mgonjwa haachi swala maadamu ana akili. Asiyeweza kusimama ataswali amekaa, na asiyeweza kukaa ataswali amelala. Maji yakimdhuru, atatayamamu. Kukusanya swala mbili kwa ugonjwa si kauli mashuhuri ya madhehebu, lakini wameiruhusu baadhi ya maimamu wetu, na Imam Nawawi ameitia nguvu. Mwenye kutapika na kuishiwa nguvu anaweza kuifuata.

Saumu ameruhusiwa kula kwa nassi ya Qur'ani katika Suratul Baqara. Kwa kuwa anatarajiwa kupona, atalipa siku zake baadaye na wala hatoi fidia. Ramadhani nyingine ikimkuta bado mgonjwa, hana dhambi ya kuchelewesha.

Ndoa na uzazi

Kwa vijana, mara nyingi daktari huacha ovari ya pili na kizazi. Hedhi huweza kukatika wakati wa dripu, na kwa wengi hurudi; wengi wamezaa baadaye. Mume asifanye haraka ya kumwacha mkewe kwa kudhani ameshakuwa tasa. Wakati wa dawa ni lazima kujikinga na mimba, maana dawa hizi hudhuru kichanga, na kinga hiyo ya muda inajuzu.

Safari na gharama

Matibabu haya hupatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Anayetoka visiwani hungoja maji yajae, huvuka kwa boti, kisha hupanda gari. Mvua za masika hukata njia, na mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti hatujayasahau. Lakini mzunguko wa dawa haungoji bamvua. Kinga ya mwili hushuka zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa, na homa ya nyuzi 38 siku hizo ni dharura ya saa ile ile, si ya panadoli na kusubiri asubuhi. Kwa hiyo tunashauri mgonjwa apatiwe mahali pa kukaa Dar es Salaam mpaka amalize. Mwenye jamaa mjini amfungulie mlango. Hiyo ni swadaka na ni kuunga udugu.

Vitabu vya zamani vya Kishafii havikumlazimisha mume gharama za dawa, lakini wanachuoni wengi wa zama zetu wameziingiza katika nafaka, na huo ndio wema tulioamrishwa. Mgonjwa masikini inafaa kupewa zaka. Kamati za misikiti zisingoje mpaka aombe. Mzunguko mmoja ukikosekana kwa nauli, dhima iko juu yetu sote.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awalipe kheri wanaowatibu. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.