Costa Rica: pori ikisimama, mwenyi shamba analipwa

Kwetu, mutu akitaka makuta ya pori, anakata. Anachoma makala, anafunga mifuko kwenye kinga, anaingia nayo Lubumbashi. Hakuna anayelipwa juu ya muti alioacha ukisimama. Lakini kuko inchi moja iliyogeuza hesabu hiyo.

Inchi hiyo ni Costa Rica, katika Amerika ya Kati. Ni ndogo: haifiki hata nusu ya Haut-Katanga. Zamani, kule, mutu aliyekata pori alihesabiwa kuwa ametengeneza udongo, na kwa njia hiyo aliweza kupata karatasi ya shamba. Banki nazo zilikopesha feza za kufuga ngombe. Miti ilianguka. Katika miaka ya 1980, pori ilibakia karibu robo moja tu ya inchi.

Makuta ya esanse

Mwaka 1996, sheria mupya ikakataza kugeuza pori kuwa shamba. Lakini kukataza peke yake hakutoshi, sababu pori mingi iko ndani ya mashamba ya watu, na watu wanataka kula. Kwa hiyo tangu 1997, mufuko wa Leta unaoitwa FONAFIFO unafanya mapatano na wenyi mashamba. Mwenyi shamba anaahidi hatakata, atazuia moto na wawindaji. Injinia wa pori anapita kukagua. Kisha malipo inatoka, kufuatana na hesabu ya hekta.

Makuta inatoka wapi? Zaidi kwenye kodi ya esanse, 3,5 %. Mwenyi gari anachafua hewa, mwenyi miti anaisafisha; basi wa kwanza anamulipa wa pili. Baadaye, sehemu ya bei ya maji iliingia pia. Hata kampuni za umeme wa maji zilikubali kuchanga, sababu mulima ukibaki bila miti, udongo unateremuka mpaka kwenye barrage. Sisi wa Katanga tunaelewa hiyo bila kufundishwa: mine zetu zinakula umeme wa Nzilo, Nseke na Mwadingusha.

Leo pori inafunika zaidi ya nusu ya Costa Rica. Si malipo peke yake iliyofanya hivyo: biashara ya nyama ilipunguka, na watalii walileta kazi. Kasoro nazo ziko. Malipo ni kidogo; kwenye udongo muzuri, ananasi inaingiza zaidi. Wenyi mashamba makubwa walifaidika kuliko wadogo. Na mwanzoni, wasiokuwa na karatasi waliachwa inje.

Na sisi, karatasi yetu iko wapi?

Neno hilo, karatasi, linatugusa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Congo ni mali ya Leta peke yake. Mutu anapewa ruhusa ya kuutumia, basi. Ndiyo maana kila mutu anakimbilia kukata mbele mwingine hajakata.

Lakini mulango moja uko. Dekre ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu watu wa mugini kuomba concession ya pori ya bankambo wao, mpaka hekta 50 000. Inatolewa bure, na haina mwisho. Haileti malipo ya kila mwaka kama kule Costa Rica. Madini ya chini yanabaki ya Leta. Lakini siku kampuni au wachoma makala wanafika, mugini wenyi karatasi unaongea kama mwenyi nyumba. Usio nayo unaongea kama mupita njia.

Wachimbaji wengi kati yetu wametoka migini, na shimo likiisha watarudia huko. Madini haiote mara ya pili. Pori inaota, kama kuko mutu anayeichunga na ana sababu ya kuichunga. Tukienda kusalimia wazee, tuwaulize: karatasi ya pori yetu, mumekwisha kuiomba?