Kupima Wepesi wa Tovuti: Faili za Skripti katika Saiba za Eastlands

Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kupima faida ya hatua mbili zinazochukuliwa na waundaji wa tovuti: kukondesha faili za skripti na kuziweka akiba. Tutalitazama suala hili tukiwa Kayole, Umoja na Buruburu, katika vyumba vya intaneti viitwavyo saiba. Pale mteja anapolipa kwa dakika, kila sekunde ya kungoja ukurasa ufunguke hutoka mfukoni mwake.

Skripti ni maagizo yanayokieleza kivinjari ukurasa utende nini. Mwandishi wake huacha nafasi, maelezo na majina marefu ili binadamu wenzake waelewe. Tarakilishi haina haja navyo. Kukondesha ni kuviondoa au kuvifupisha. Mathalani, maktaba ya jQuery, toleo la 3.7.1, ina takriban kilobaiti 285. Ikikondeshwa hubaki 88 hivi, na ikibanwa kwa gzip wakati wa kusafirishwa, 30 hivi. Kabla ya nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS kuifikia Kenya mwaka wa 2009, intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti. Kwenye laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, faili ya ukubwa huo ingechukua sekunde 36 ikiwa nzima, 11 ikikondeshwa, na chini ya 4 ikibanwa. Na hapo ni tarakilishi moja tu inayoitumia laini!

Akiba, kwa upande wake, huokoa safari. Kivinjari hutunza nakala ya faili, na muda uliowekwa na seva usipokwisha, hakiulizi lolote. Ukiisha, huuliza kama faili imebadilika. Jibu ni fupi, lakini kupitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, swali na jibu huchukua takriban nusu sekunde, faili iwe kubwa au ndogo.

Hapa ndipo vipimo vingi hupotoka. Mtayarishaji hupima kwa tarakilishi yake mwenyewe, ambayo tayari ina akiba, kisha hutangaza ushindi. Yafaa apime mara kadhaa akiba ikiwa tupu, arudie ikiwa imejaa, achukue thamani ya kati, na aandike baiti mbali na sekunde.

Katika saiba ambako kumbukumbu hufutwa kila mteja anapoondoka (na ni busara, kwani nani angependa kuacha nenosiri lake pale?), kila mteja ni mgeni. Zamani seva ya saiba, yenye programu kama Squid, iliweza kuwawekea wateja wote akiba moja. Tangu tovuti nyingi zihamie https, seva hiyo hupitisha data iliyofumbwa isiyoweza kuisoma. Kwa hivyo mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo Kayole huenda asipate chochote kutokana na akiba ile. Kinachomfaa ni kukondeshwa na kubanwa kwa faili. Dada yake mwenye simu hunufaika na akiba, kwa kuwa simu ni yake na bando ni lake. Hata hivyo, faili iliyobanwa hufumuliwa na kusomwa yote simuni, na simu dhaifu huchelewa. Saa ya kupimia, basi, isisimamishwe faili inapowasili, bali kitufe kinapobonyezwa na kuitika.