Binti Anapokwenda kwa Mhadhiri Kuuliza Alama

Wengi wetu akina mama huku Nyanda za Juu Kusini tumesomesha kwa ndizi za Tukuyu na viazi vya Uporoto. Mtoto akishapokelewa Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Mbeya, tunamshukuru Mungu na kudhani kazi imekwisha. Kisha matokeo ya muhula wa kwanza yanatoka, na binti anasema, "Mama, nimepata C mbili." Ukimwuliza kama amekwenda kumwona mhadhiri wake, anakushangaa.

Hatumlaumu. Ndivyo tulivyomlea. Binti aliyefundishwa kupiga magoti akimsalimu mkubwa atabishaje hodi ofisini kwa profesa na kusema, "Alama hizi sizielewi"? Lakini chuoni kuuliza si utovu wa adabu, ni sehemu ya masomo.

Jambo kubwa ni wakati. Katika vyuo vikuu vyetu vingi, kazi za muhula huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na A huanzia 70. Aliyepata 24 kwenye kazi za muhula anahitaji 46 kati ya 60 ili afike huko. Aliyepata 30 anahitaji 40 tu. Basi mazungumzo yenye faida ni yale ya baada ya jaribio la kwanza, siyo machozi ya baada ya matokeo. Wastani wa 3.4 humweka mtu daraja la pili la chini, na 3.5 daraja la pili la juu. Tofauti ni ndogo, lakini daraja ni jingine.

Aende na karatasi yake ya jaribio mkononi, ameisoma upya na kutia alama pale alipokosa. Aseme, "Shikamoo, mwalimu. Swali la tatu nilijibu hivi. Naomba unionyeshe nilipopotea." Asiseme, "Naomba uniongezee alama." Neno hilo la pili humfanya omba-omba, nalo hualika mambo mengine.

Hapa tuseme wazi, maana tukinyamaza sisi mama zao, nani atasema? Wapo wanaume wachache wanaotumia kalamu nyekundu kutega mabinti. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo binti aende saa za kazi, mlango ukiwa wazi, ikiwezekana na mwenzake. Akiitwa nyumba ya wageni au kwenye gari, asiende. Ujumbe wa simu asiufute. Amweleze mshauri wa wanafunzi au aende TAKUKURU, ambao wana ofisi Iringa na Mbeya pia.

Na mama, wewe nawe una neno la kumwambia kabla hajapanda basi. Mabinti wengine huingia mtegoni kwa kuogopa nyumbani kuliko wanavyoogopa chuo. Ng'ombe wameuzwa, baba ameshatangaza kijijini. Mwambie mapema, tena baba yake akisikia, kwamba akirudi na C aliyoitolea jasho, chakula chake kitakuwa mezani kama kawaida.